"Chumvi Nimeacha, Naweka Kiungo Tu"

Mama yangu aliambiwa presha imepanda. Akarudi nyumbani na dawa za mwezi mmoja na agizo la kupunguza chumvi, na kwa kuwa ni mtu wa kushika neno la daktari, jioni ileile kikopo cha chumvi kikaondoka mezani. Maharage yakaanza kuungwa kwa chumvi ya kuhesabu chembe. Wiki tatu baadaye nikaenda kumsalimia, nikamkuta jikoni, mchuzi wa kuku unatokota, yeye amesimama na vipande viwili vya kiungo cha dukani mkononi. Akabandua karatasi ya cha kwanza, akakivunjavunja kwa vidole juu ya sufuria. Akashika cha pili.

"Mama, si daktari alisema chumvi basi?"

"Chumvi nimeacha, mwanangu. Hapa naweka kiungo tu."

Niliiokota karatasi kwenye sinki nikainyoosha. Kwenye pakiti za chakula malighafi huorodheshwa kwa uzito, iliyo nyingi ikitangulia. Maandishi yalikuwa madogo kiasi cha kuhitaji miwani ya mama mwenyewe, lakini neno la kwanza lilisomeka bila taabu: chumvi.

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu wa kusoma karatasi za viungo, mpaka mwenye duka la mtaani kwetu akaniuliza kama nimeajiriwa na serikali. Hesabu yenyewe si ngumu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichofutwa juu. Hiyo ni chumvi yote: ya mkate wa asubuhi, ya chipsi za mchana, ya mchuzi wa usiku. Sasa vipande vingi vya kiungo cha supu, nusu ya uzito wake ni chumvi, na vingine vinapita hapo. Kipande cha gramu 10 kina gramu 5 hivi. Vipande viwili kwenye sufuria ya watu wanne vinampa kila mmoja gramu 2.5, nusu ya mgawo wake wa siku nzima, na hapo mkono wa mpishi bado haujagusa kikopo. Ukikuta karatasi imeandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha namba hiyo kwa 2.5 upate chumvi yenyewe. Namba ya sodiamu huonekana ndogo, ya kumtuliza mtu.

Sitaki nieleweke kwamba kipande kile ni sumu. Kina historia yake ya heshima. Mwaka 1908, huko Uswisi, kampuni ya Julius Maggi ilianza kuuza supu iliyogandishwa kuwa kipande. Mwaka huohuo, Tokyo, mkemia Kikunae Ikeda alikuwa akichunguza supu ya mwani wa Kijapani (si huu wetu wa Paje na Jambiani) akitaka kujua kwa nini ni tamu bila nyama wala sukari. Akakuta kitu kinachoitwa glutameti. Ni utamu uleule wa supu ya mifupa iliyochemka asubuhi nzima, wa nyanya iliyoiva kupita kiasi, wa dagaa. Leo watu wanailaumu glutameti kwa kila maradhi, ilhali kwa uzito uleule ina sodiamu kama theluthi moja tu ya ile iliyomo kwenye chumvi ya kawaida. Lawama nyingi zinamwangukia jirani.

Tatizo la mama lilikuwa kwamba kiwanda kimefunga vitu viwili kwenye karatasi moja: harufu na chumvi. Akitaka harufu zaidi lazima apokee na chumvi zaidi. Hakuna namna ya kumwambia kile kipande, "Leo nipe binzari peke yake." Jikoni kwa shangazi yangu Tanga, vitu hivyo viwili havijawahi kukaa chupa moja. Ndiko nilikokwenda kujifunza.

Shangazi anakaa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nilifika saa mbili asubuhi, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku ameshavaa baibui, kikapu mkononi. "Twende sokoni kwanza baba, jua halijawa kali." Soko la Mgandini asubuhi lina harufu ambayo mtu wa Dar aliyezoea viungo vya pakiti anaweza kudhani ni ya duka la dawa. Karafuu ndiyo inayofanya hivyo. Kiini cha mafuta yake, kiitwacho yujenoli, ndicho kilekile kinachotumiwa na madaktari wa meno.

Shangazi hanunui kiungo kilichosagwa. Kiungo kizima, anasema, kina uso. Unga hauna uso. Alichota karafuu akakibonyeza kichwa kimoja kwa ukucha, akanipa kidole chake ninuse: kilikuwa kimelowa mafuta. Karafuu ambayo imeshakamuliwa mafuta kiwandani nayo huuzwa, kwa umbo ni ileile. Ukiitia majini huelea imelala, wakati karafuu nzima huzama au husimama wima, kichwa juu. Iliki aliitikisa sikioni. Pilipili manga aliitandaza kiganjani akaitafuta yenye umbo la yai na ngozi iliyonywea kwa namna nyingine, maana wako wanaochanganya mbegu za papai zilizokaushwa. Hakuikuta. Pilipili hiyo, na iliki pia, zilikuwa zimeshuka kutoka Amani, juu ya Muheza, ambako milima ya Usambara Mashariki inapata mvua ya kutosha kuzilea. Binzari nyembamba, ambayo ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaiita uzile, nyingi huletwa kutoka India.

Manjano alinunua makavu, mazima, magumu kama kokoto. Nikamwambia ya unga yangeturahisishia kazi. Akanitazama tu. Ana haki. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi manjano ya Bangladesh yalivyokuwa yakisuguliwa kwa rangi ya njano yenye madini ya risasi ili yang'ae sokoni, na risasi hiyo ikaonekana kwenye damu za watu. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa baada ya kukutwa zina unga wa pilipili uliotiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan I, inayotumika kwenye mafuta ya kung'arishia viatu. Kipande cha manjano kilichovunjwa mbele yako, ukaona ndani nako kuna rangi ileile iliyoiva, ni vigumu zaidi kukidanganyia. Mtu akikwambia manjano hayohayo yanatibu sukari, presha na kansa, mshukuru, kisha endelea na dawa ulizoandikiwa.

Tulirudi tukaanza kazi. Ninaieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo wengi tunapokosea na kurudi kwenye pakiti.

Kwanza ni ungo. Kila kiungo kilipepetwa na kuchambuliwa: vijiti, mawe, punje moja ya mahindi ambayo sijui ilifuata nini kwenye giligilani. Kisha vikaanikwa juani kwenye sinia, juu ya meza, kwa saa mbili. Shangazi haaniki chini. Unyevu wa ardhi ndio mlango wa ukungu, na baadhi ya ukungu huacha sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Pilipili kavu na viungo vingine hushambuliwa vilevile. Kwa hiyo kiungo chenye harufu ya uvundo au utando wa kijani hakichambuliwi kuokoa kilichobaki. Kinatupwa chote.

Baada ya jua, moto. Jiko la mkaa, makaa yamefunikwa jivu, kikaango kikavu kisicho na tone la mafuta. Nilishika mfuko wa binzari nyembamba na ule wa giligilani nivimwage pamoja, shangazi akanishika mkono.

"Hivyo vina miili tofauti. Mwembamba ataungua mnene bado hajapata joto."

Kila kimoja kikaingia kwa zamu yake. Giligilani ilichukua kama dakika nne, ikageuka kutoka rangi ya majani makavu kuwa ya asali. Binzari nyembamba ilichukua dakika mbili tu. Ilianza kimya, kisha ikaanza kurukaruka kidogo, kisha harufu yake ikabadilika kutoka ya vumbi kuwa ya pilau ya harusi, na hapohapo shangazi akaimwaga kwenye sinia. Haachi kitu kipoe kwenye kikaango, maana chuma cha moto kinaendelea kukaanga hata jiko likizimwa. Uwatu ulipata nusu dakika na jicho kali zaidi kuliko vyote. Ukiungua, mchuzi wote unakuwa mchungu. Karafuu na iliki alizipitisha motoni kama anayepasha joto mikono.

Kisha tukasubiri. Hii ndiyo hatua niliyoiruka nilipojaribu mwenyewe nyumbani, kabla sijaja Tanga. Nilisaga viungo vikiwa bado vya moto, nikajaza chupa, nikafunga kifuniko nikijisifu. Mvuke ukabaki ndani. Baada ya wiki mbili nilikuta bonge moja lililoshikamana, na juu yake unywele mweupe. Viungo vya elfu kadhaa vikaenda jalalani. Kwa shangazi tulikunywa chai, tukazungumza habari za ndugu wote wa upande wa baba, wazima na marehemu, na viungo vikapoa mpaka sinia lenyewe likawa baridi.

Mdalasini ulitwangwa kwanza kwenye kinu, kwa sababu vijiti vyake vinavunja visu vya blenda. Blenda ikamalizia, kwa vipindi vifupi vifupi ili isichemshe unga. Tukachekecha. Chenga zilizobaki juu ya chekeche hazikutupwa, ziliwekwa kwenye kikopo cha chai.

Masala yake ya pilau ni haya: binzari nyembamba vijiko vikubwa 4, pilipili manga 2, iliki 1, karafuu kijiko cha chai kimoja, mdalasini vijiti vitatu vya urefu wa kidole, na nusu ya kungumanga iliyokwanguliwa mwishoni. Kilo moja ya mchele inachukua vijiko vikubwa viwili. Binzari ya mchuzi ina giligilani vijiko vikubwa 6, binzari nyembamba 3, manjano 2, pilipili manga 1, haradali kijiko cha chai na uwatu kijiko cha chai. Manjano hayo alipeleka mashine ya kusagia ya jirani, hakuna blenda ya nyumbani inayoyaweza. Vipimo hivi ni vyake, kwa nyumba yake. Jirani yake wa mlango wa pili anatia binzari nyingine kabisa na kila mmoja anaamini mwenzake hajui pilau.

Chumvi haimo. Ndiyo maana yote ya safari hii, na niliiona wazi nilipolamba ncha ya kidole: harufu kali, ukali wa pilipili manga, ganzi kidogo ya karafuu, na ulimi ukangoja chumvi ambayo haikuja. Ikija, itakuja kwa kijiko, mpishi akiiona.

Chupa ziwe kavu kabisa, za kioo, zikae kabatini mbali na jiko. Watu wengi tunapanga viungo juu ya jiko kwa sababu ndipo mkono unapofika, na joto na mvuke vinaimaliza harufu ndani ya wiki chache. Unga wa viungo una nguvu kwa miezi mitatu hivi. Viungo vizima vinakaa mwaka na zaidi. Saga kidogo, basi.

Nilirudi Dar na chupa mbili na matumaini mengi. Mama akaunga kuku kwa binzari ya shangazi, akaonja, akasema, "Kinanukia vizuri." Nikamjua. Mama akisifu harufu ya chakula anamaanisha hakina ladha.

Alikuwa sahihi. Kile kipande cha dukani kilikuwa kinaleta vitu vitatu, si viwili kama nilivyohesabu mwanzo, na nilikuwa nimerudisha kimoja tu. Chumvi sikutaka kuirudisha. Kilikosekana kile alichokitafuta Ikeda, ule utamu wa supu. Na hapo jibu lilikuwa kwenye gunia la dagaa.

Chukua dagaa wa Mwanza, nusu kilo. Toa vichwa, pepeta mchanga, kisha pepeta tena, maana wengi hukaushiwa juu ya mchanga wa ziwa na mchanga hauishi mara moja. Wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka ukimvunja mmoja atoe mlio. Poza. Saga pamoja na konzi ya nyanya zilizokaushwa juani, na uyoga mkavu kama unao. Unapata unga wa rangi ya udongo, wenye harufu ambayo mtu wa mjini anaweza kuikunjia pua kwenye chupa, lakini kijiko kimoja cha chai kikiingia kwenye maharage au mchicha wa nazi, samaki hatambuliki tena. Kinachobaki ni kile kitu kinachofanya mtu aongeze chakula. Na kwa kuwa dagaa anasagwa na mifupa yake, kuna kalisiamu ndani ambayo hakuna kipande cha dukani kinachoileta. Angalizo moja: dagaa wa Unguja wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao ni watamu kweli, ila chumvi wanayo tayari, na ukiwasaga umerudi palepale.

Njia nyingine ya kuudanganya ulimi ni uchachu. Kitu kichachu hufanya chumvi kidogo ionekane nyingi. Kamulia ndimu supu uliyodhani ni chapwa utaona. Watu wa pwani wamelijua hili siku zote, ndiyo maana meza zao hazikosi kachumbari, achari ya ndimu, embe mbichi, na chachandu ya ukwaju. Ukwaju mwingi unatoka bara kwenye ukame, Dodoma, Singida, Tabora, na hapa mjini bado ni wa bei ya kuvumilika. Loweka robo kilo kwenye vikombe viwili vya maji ya moto kwa nusu saa, uvuruge kwa mkono, uchuje. Wengi hapo humwaga sukari. Mimi natia tende nane zilizotolewa kokwa na kusagwa, kipande cha tangawizi, pilipili mbuzi moja, binzari nyembamba iliyokaangwa kijiko cha chai, na chumvi ya vidole viwili kwa chupa nzima. Ichemke dakika kumi mpaka ishike mgongo wa kijiko, itiwe ikiwa ya moto kwenye chupa iliyochemshwa, ikae kwenye friji wiki mbili. Kwa viazi karai na bajia za Ramadhani haina mpinzani. Ukiitia kwenye mishikaki kabla ya kuchoma, nusu ya chumvi ya nyama unaiacha.

Tomato sosi ilinishinda, na nisijitie ubingwa. Msimu nyanya zinapojaa, tenga likishuka bei, nilimenya kilo mbili, nikazichemsha na karoti mbili kwa ajili ya utamu, kitunguu, saumu, karafuu tatu na robo kikombe cha siki mpaka zikawa nzito. Ilikuwa nzuri. Mwanangu wa miaka saba akachovya chipsi, akaniangalia kwa huruma: "Baba, hii si tomato." Watoto wa mjini tomato kwao ni ile ya chupa, na kijiko kikubwa kimoja cha ile ya chupa kwa kawaida kina karibu gramu 4 za sukari, kijiko cha chai kizima. Tukafikia makubaliano: nusu kwa nusu, kwa sasa. Mdogo wake, ambaye hajatimiza mwaka, hana la kusema. Chakula chake hakitiwi chumvi kabisa, wala sukari, wala asali.

Na sasa jambo ambalo ningependa lisomwe na wale wanaonitumia picha za chupa zao kwenye simu. Chupa ya saumu na pilipili iliyosagwa ikafunikwa mafuta ya alizeti, ikawekwa kabatini miezi miwili, ni kitu kizuri kwa macho na ni cha hatari. Saumu na tangawizi hutoka ardhini, na ardhini kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Penye hewa hana madhara makubwa. Mfunike kwa mafuta, mahali pasipo uchachu wala baridi, atatengeneza sumu inayolemaza misuli mpaka ile ya kupumulia, na chakula hicho kinaweza kisinuke, kisibadilike rangi wala ladha. Nilikuwa na chupa kama hiyo mimi mwenyewe, nimeitengeneza kwa mapenzi yote, na niliimwaga siku niliyosoma habari hizi, mama akilalamika israfu ya mafuta. Saumu kwenye mafuta ikae kwenye friji na iishe ndani ya siku nne. Ukitaka ya kukaa, saga saumu na tangawizi bila kitu, jaza kwenye vitrei vya barafu, gandisha, kila siku utoe kidonge kimoja. Au fanya pilipili ya siki: siki yenye nguvu ya asilimia 5, isiyozimuliwa kwa maji, ifunike pilipili zote. Uchachu huo bakteria yule hauwezi.

Kuna swali nililoulizwa na dada mmoja jirani, na lilinikaa. "Hayo yote nafanya saa ngapi, kaka?" Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, anarudi usiku. Kipande cha kiungo ni sarafu chache, kinavunjwa kwa sekunde tatu. Makala kama hizi zina tabia ya kumwongezea mama kazi na kuiita afya. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tunavyofanya kwetu: Jumamosi moja kila baada ya miezi miwili, wanaume na watoto tukiwemo, mmoja anachambua, mmoja anakaanga, mmoja anachekecha huku anapiga chafya. Kwa mkupuo viungo vizima vinagharimu fedha ya kuonekana, hilo nisifiche, kwa hiyo tunanunua pamoja na nyumba mbili za jirani tukagawana. Naye akaingia kwenye mgao.

Chumvi yenyewe hatukuiacha, na haifai kuachwa. Chumvi ya kupikia hutiwa madini joto kwa sababu maalumu: bila madini hayo rovu hurudi, na akili ya mtoto aliye tumboni hudhurika. Tunanunua yenye madini joto, tunaifunika, tunaitia mwishoni chakula kikikaribia kuiva, kwa kijiko kidogo ambacho kazi yake ni hiyo tu.

Mama tulimshusha polepole. Vipande viwili vikawa kimoja, kimoja kikawa nusu, pengo likijazwa na unga wa dagaa na ndimu. Ulimi unajifunza, ila unataka wiki kadhaa. Mwezi wa pili alikula kwa mtu, akarudi analalamika kwamba siku hizi watu wanatia chumvi kama wanakausha ng'onda. Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwake natafuta majani ya chai. Nilifungua kopo lililo nyuma kabisa ya kabati, nyuma ya chupa za shangazi. Majani yalikuwemo, na juu yake vipande vinne vya kiungo, karatasi zake zinang'aa.

Nikamgeukia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Vya wageni hivyo," akasema.